Paa la Mkonge

Katika ile miaka ya tisini ambayo bei ya mabati ilipaa hadi wengi wakarudia nyasi, hapakuwa na fundi aliyetajwa Uriri kama Maranga. Alikuwa Mgusii aliyehamia huko na mkewe Edinah kulima mahindi, lakini si mahindi yaliyompa jina. Jina alilipata kwa vigae. Alichanganya saruji na mchanga, akatia nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi kama kidole, kisha majivu ya makapi ya miwa yaliyorundikwa bure nyuma ya vinu vya sukari nguru. Vitu ambavyo wengine walivifanya kamba za mbuzi au kuviacha vipeperushwe na upepo, yeye alivigeuza kuwa vigae vyepesi vilivyolia ngo! vikigongwa.

Ufundi huo alifunzwa Homa Bay na Mwalimu Cephas, mtu mpole ambaye hakuchoka kurudia neno moja. "Mkonge una utomvu, na utomvu una sukari," alikuwa akisema. "Usipoufua mpaka maji yatoke meupe, saruji haitashika. Kigae kitaonekana kizima, kumbe ndani ni uji."

Sifa humlevya mtu kuliko pombe. Siku moja sokoni, Jacktone, muuza mabati, alimtania mbele ya watu: "Fundi, kweli unaezeka nyumba za watu kwa kamba?"

Watu wakaangua kicheko. Maranga akajipiga kifua. "Bati lako likishika kutu, uje kwangu! Kigae changu hakijui kuvunjika." Alisema kwa sauti iliyowafikia hata wauza nyanya wa upande wa pili. Tangu siku hiyo jina lake na vigae vyake vikawa kitu kimoja.

Basi akina mama wa pale, wakiongozwa na Rispa, walipomaliza kuta za zahanati yao ndogo, walimpa Maranga kazi ya kuezeka chumba cha kusubiria, mahali ambapo wajawazito na wenye watoto wachanga wangeketi. Kazi ilianza vizuri. Edinah ndiye aliyekuwa akifua mkonge mtoni na kuuanika. Lakini safu za mwisho zilipobaki, Edinah alijifungua mtoto wao Helen, na mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Maranga aliutazama mkonge uliobaki, ungali wa kijani, unateleza mkononi kama kambare. Akajiambia, "Mara moja si kitu." Akaukata vivyo hivyo, akauchanganya.

Alipovitoa vile vigae majini, alimoviloweka vikomae, ncha ya kimoja ilimegeka mkononi mwake kama andazi lililolowa chai. Damu ilimpanda usoni. Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka kuangalia kama kuna aliyeona. Hapakuwa na mtu. Alikumbuka maneno yake ya sokoni, akayasikia kana kwamba Jacktone ndiye anayemrudishia. Akakoroga saruji nzito, akavipaka vigae vile vikang'aa kuliko vingine, kisha akaviezeka upande wa nyuma, paani juu ya benchi la ukutani, ambako macho ya wageni hayafiki upesi.

Haikupita muda Mwalimu Cephas akaja kuliona paa. Alizunguka akitabasamu kama baba aliyezaa. Kisha akasimama, akakunja uso.

"Maranga, safu zile za nyuma rangi yake ni nyingine. Mkonge wake uliufua?"

Maranga aliangalia pembeni. "Niliufua, Mwalimu."

"Basi vizuri," Cephas akasema, akampa mkono. Mkono ule ulimuunguza Maranga kama kaa la moto.

Baadaye Rispa naye akamwita. "Fundi, hebu angalia pale juu ya benchi. Huo si ufa?"

"Ni saruji inajichora tu ikikauka, Mama Rispa. Msiwe na wasiwasi."

Rispa aliamini, akawaambia wenzake waketi. Maranga akaenda zake akiwa ameinamisha kichwa. Kuanzia hapo alipita njia ya mbali asilione lile paa. Chakula kilimshinda. Mkewe alipomuuliza, "Baba Helen, unaumwa?" alijibu, "Siumwi," akatoka nje.

Wakati huo mama mkwe wake, Nyatichi, alikuwa amekuja kutoka Kisii kumsaidia binti yake na kitoto. Kwa Wagusii, mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Maranga hakumpa mkono wala kumtazama usoni. Wakikutana njiani, aliingia majanini kumpisha. Mama yule alilala jikoni, nyumba ya pembeni, na salamu zao zilipitia kwa Edinah.

Mvua ilinyesha mfululizo usiku kucha. Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo, na Nyatichi ndiye aliyempeleka mjukuu. Maranga alikuwa kwenye kinu cha posho, cha pekee pale, hatua chache kutoka zahanati, akisubiri unga wake, aliposikia kishindo, kisha mayowe.

"Ai yawa! Paa! Paa linaanguka!"

Alikimbia bila kujijua. Ndani, vumbi la saruji lilikuwa limetanda, na vipande vimetapakaa juu ya benchi la ukutani. Nyatichi alikuwa amelala chini kifudifudi, amejikunja juu ya kitu fulani kama kuku juu ya vifaranga. Chini yake kitoto kilikuwa kikilia, hakina hata mkwaruzo. Lakini bega la mama yule lilikuwa limevunjika, mfupa umejitokeza chini ya ngozi.

"Mbebe!" Rispa akapiga kelele. "Unangoja nini?"

Maranga aliganda. Mkwe wake, mbele za watu! Nyatichi akatoa mguno wa maumivu. Ndipo akainama, akampokeza Rispa mtoto, akamwinua mama mkwe wake mikononi. Mama yule alifumba macho, akafunika uso kwa mkono uliobaki mzima. Maranga akatoka naye, soko zima likitazama. Jacktone alikuwa ameshawasha gari lake la mizigo. Hakucheka. Alifungua mlango tu, na Maranga aliona afadhali angetukanwa.

Kikao kilipoitishwa, Cephas alikuwepo. Maranga alisimama akaeleza yote: mkonge wa kijani, ncha iliyomegeka, saruji aliyoipaka.

"Nilikuuliza," Rispa akasema alipomaliza, machozi yakimlengalenga.

"Hata mimi nilikuuliza," Cephas akasema kwa upole. "Ungenijibu kweli, tungeshusha safu zile siku hiyohiyo, tukaufua mkonge, tukamimina upya. Nani angekucheka? Mimi mwenyewe niliharibu vigae vingi kabla ya kujua."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo. Akina mama hawakutaka tena kusikia habari za mkonge. Paa lote lilishushwa, vigae vizuri na vibovu pamoja, na mabati ya Jacktone yakapanda. Hata wale ambao vigae vyao vilikuwa imara walianza kuviangalia kwa hofu, na majivu ya miwa yakarudi kupeperushwa na upepo. Maranga akaenda Homa Bay, akamwomba Cephas kazi ya kufua mkonge. Alipewa.

Bega la Nyatichi liliungana kombo. Hakuweza tena kuinua jembe. Maranga alimtuma Edinah amwombee msamaha kwa kuwa alimshika mwili mbele za watu. Edinah alirudi na jibu, akalitoa bila kumtazama mumewe.

"Mama anasema hana uchungu kwa sababu ulimbeba. Ana uchungu kwa sababu ulijua."

Ufa ambao ungezibika kwa neno moja la kweli, Maranga aliupaka saruji mpaka ukamwangukia mama mkwe wake na kuuanika uongo wake mbele ya soko zima. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.