Chungu cha Mashavu

Paukwa!
Pakawa!
Nipakue?
Pakua, tumekaa kitako!

Hapo zamani za kale, Digidigi na mkewe Mashavu waliishi penye vichaka vya mnili, mmea utoao rangi ya buluu. Binti yao Zawena alikuwa anaolewa, na mama alikuwa amemwahidi nguo ya buluu.

Siku moja Mashavu aliloweka majani ya mnili chunguni, akatia maji ya majivu, akafunika.

"Kikinuka usikimbie, mume wangu. Ndipo kitambaa cha Zawena kiingie."

Digidigi akacheka. "Pua yangu ni ndogo, itavumilia." Akaenda malishoni.

Aliporudi, Mashavu alikuwa amelala kivulini. Hakuamka tena.

Wakamzika. Matanga yakaisha, wageni wakaondoka. Chungu kikabaki, kazi ya mwisho ya Mashavu.

Chungu kikanuka. Digidigi hakukimbia. Akatumbukiza kitambaa, akakitoa. Mh! Kijani, kama maji ya bwawa. Akakirudisha upesi. Akakitoa tena. Kijani. Akakirudisha upesi. Akakitoa mara ya tatu. Kijani kile kile! Akakirudisha, akalia.

Fisi akapita.

"Jirani, pole. Lakini uvundo gani huu? Kimeoza hicho! Nipe nikakitupe, pamoja na kitambaa chake."

Kumbe Fisi alikitaka kitambaa.

"Ngoja kidogo, jirani," alisema Digidigi. "Bado sijamuaga."

Akaenda kuchota maji. Huku nyuma Fisi akazamisha mikono mpaka viwiko, akanyakua kitambaa, mbio! Upepo ukavuma. Kitambaa kikaanza kugeuka. Mikono nayo ikageuka. Ikawa buluu!

"Mama wee! Marehemu amenishika mikono!" Fisi akakibwaga kitambaa juu ya miiba, akatoweka.

Digidigi alikikuta hapo kikipepea, buluu kama mbingu baada ya mvua. Akakumbuka jinsi Mashavu alivyokuwa akitoa kitambaa, akikitundika, kisha akikipa mgongo na kuimba:

*Njoo upepo, njoo,
Nipe changu, njoo.*

Miaka yote Digidigi alidhani ni wimbo tu. Kumbe rangi ilikuwa ikingoja upepo, naye alikuwa akiizamisha kila mara.

Jioni wanyama wakakusanyika.

"Nani aliiba kitambaa?" wakauliza.

"Mimi? Sikijui!" alisema Fisi, mikono nyuma.

"Basi mpe mkono baba wa bibi harusi, jirani," wakamwambia.

Fisi akautoa mkono: buluu! Wakacheka mpaka Kanga akaanguka mtini. Mpaka leo Fisi hapendi kupeana mikono.

Asubuhi yake Digidigi alimtanda Zawena nguo ya mama yake. Kisha akachuma majani mabichi ya mnili, akayaloweka katika chungu kile kile, akafunika. Akakaa kando yake, akaimba wimbo wa Mashavu, polepole, mpaka mwisho.

Wasikilizaji wangu, kilichotoka chunguni kijani msikitupe, wala msikizamishe tena. Kipeni upepo. Na majonzi ni hivyo hivyo.

Chungu changu nimekifunika hapa. Atakayekifunua, asiikimbie harufu.