Bibi Nakijwa Agoma Kusokota Kamba

Paukwa!

— Pakawa!

Paukwa, nyie wa nyuma! Au mmekuja kusinzia?

— Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji bondeni. Bonde lenyewe chepechepe. Ukipanda mahindi, mizizi inaoza. Jumbe Mgonja akasema, "Tuyatoe maji haya." Watu wakachimba mitaro mashambani, wakaijaza mawe, wakaifukia. Juu unaona shamba, chini maji yanakimbilia korongoni. Chururu, chururu, mchana na usiku.

Msimu ule mahindi yakarefuka kuliko watu. Wakala, wakacheza ngoma, wakamsifu jumbe. Mitaro wakaisahau.

Maji hayakusahau njia. Chururu, chururu.

Kamba ya kisima cha kijiji ilisokotwa na Bibi Nakijwa, ajuza mwenye ulimi mkali. Msimu uliofuata wakamjia.

"Shikamoo, Bibi. Kibuyu hakifiki majini. Tuongezee kamba."

"Marahaba." Akaongeza.

Msimu mwingine wakarudi. "Bibi, kamba." Akaongeza, amenuna. Wakarudi tena. Safari hii akaitupa mikonge chini.

"Siongezi! Kamba haileti maji, inayafuata tu yakikimbia. Nendeni korongoni mkazibe midomo ya mitaro!"

Jumbe akasema, "Tukiziba, mahindi yataoza."

"Masika fungueni. Mvua zikikatika, zibeni. Hilo nalo gumu?"

"Bibi, wewe ni wa kamba. Mambo ya shamba tuachie."

Wakacheka. Wakacheka, nawaambia! Wakajisokotea kamba yao, mbovu.

Bibi akabeba udongo wa mfinyanzi, akaenda kuziba mwenyewe. Vijana wa jumbe wakazibua. Akaziba. Wakazibua, wakamsukuma topeni. Hasira inanipanda hata sasa. Mtu mzima anasukumwa na watoto aliowabeba mgongoni!

Kiangazi kikaja. Kibuyu kikashuka kisimani, kikashuka, kikashuka. Kong'! Mwamba. Na mahindi ya jumbe? Yalikauka yamesimama, maana mizizi nayo ilikosa pa kunywa.

Kiangazi hicho hicho Bibi Nakijwa akafa. Watu wakakusanyika wamwoshe. Maji yako wapi? Wakapita nyumba kwa nyumba, mitungi mitupu. Ikabidi watu wateremke mpaka mto wa nyanda za chini, mwendo wa kutwa, na ajuza yumo ndani hajaoshwa.

Binti yake akasimama mlangoni, akamwambia jumbe mbele ya watu wote, "Mama alikuomba uzibe, ukamcheka. Haya, nipe maji ya kumwosha."

Jumbe akainamisha kichwa.

Baada ya maziko wakaenda korongoni, wakaziba. Mnadhani maji yalirudi kesho yake? Thubutu! Yalishuka msimu kwa msimu, na kupanda yakapanda msimu kwa msimu. Jumbe alizeeka akafa, hajaonja tena maji ya kisima kile.

Basi nyie wenye majembe, maji yaliyozidi yatoeni, lakini mjue na kufunga mlango. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wale walivunja hata la watoto wao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Atakayesema ni tamu, hakuisikia.