Sukari ya Posa ya Siwema

“Sukari huyeyuka, haipotei.” Mmeisikia jana mkutanoni mkapiga makofi, na leo mwataka kujua ilitungwa na nani. Haikutungwa, wanangu. Ilipikwa, hivi.

Enzi hizo tulikaa kambini, katika shamba la miwa la Wazungu. Tulikata miwa mwaka mzima, sukari tukaionja kwa nadra. Ila siku ya posa kambi nzima ilinukia! Upande wa mwanamume ulileta sukari, na wazee wa pande zote wakaionja siku hiyohiyo. Isipoonjwa, hakuna posa.

Ilipoletwa posa ya Siwema, Mkwanda akaingia uani bila hodi. Huyo alikuwa nyapara wetu, na Siwema alikwisha kumkataa.

“Sukari hii mmeiiba kiwandani!”

Akaimwaga yote katika ndoo ya maji ya chai, akakoroga kwa fimbo yake mpaka chembe ya mwisho ikatoweka.

“Haya, onjeni!” Akaenda zake akicheka.

Mshenga, Mzee Lugendo, akavaa kofia. “Tutaonja nini, jamani? Sukari imekwisha, na posa imekwisha.”

Siwema akajifunika kanga usoni. Bibi yake, Mwanjaa, akachovya kidole ndooni, akakilamba.

“Mshenga, hebu njoo.”

“Bibi, niache niende.”

“Chovya, baba. Maji hayang’ati.”

Akachovya.

“Enhe?”

“Tamu.”

“Sasa unakimbia nini? Macho yameikosa, ulimi umeiona. Sukari huyeyuka, haipotei. Vua kofia, ukae.”

Maji yakachujwa kwa kanga safi, yakabandikwa mafigani. Wanawake wakapokezana mwiko huku wakimwimba Mkwanda na tumbo lake. Ah, harufu ile! Mpaka leo naitafuta. Mvuke ukapaa, maji yakapungua, yakawa mazito, na jioni sukari ikaganda sufuriani, ya kahawia, ngumu ya kuvunjwa kwa mchi. Mshenga akaitafuna ikalia kakaka.

“Posa ipo!”

Vigelegele vikamfuata Mkwanda hadi kwake.

Kambi ile wameibomoa. Tulipogoma kudai haki yetu Wazungu walitutawanya, kila familia shamba lake, wakajisifu kwamba tumekwisha. Tulipopakiwa kwenye malori hatukulia. Tuliagana kwa maneno ya Bibi Mwanjaa. Msimu uliofuata, mapanga yaliwekwa chini asubuhi ileile moja katika kila shamba walikotupeleka.

Sukari huyeyuka, haipotei.