Hodi Iliyopigwa Marufuku

Jumbe Pembemoto wa Chanikuu aliamuru askari wake waingie nyumba yoyote bila kupiga hodi. Basi wakawa wanafunua vyungu vya watu na kuondoka na minofu.

Bi Kidawa, mpika vitumbua, akaenda kumsifu Jumbe. "Sheria yako nzuri, ila umeibania. Ya askari peke yao ni sheria ya mtawala mdogo. Mtawala wa haja hutunga ya watu wote. Atakayepiga hodi popote, mkubwa kwa mdogo, achapwe."

Jumbe akavimba kichwa, na mbiu ikapigwa jioni ileile. Majirani walimlaani Kidawa, naye akawa anacheka tu.

Kesho yake adhuhuri Jumbe alikuwa bafuni, povu hadi masikioni. Mlango ukasukumwa, akaingia Kidawa, na nyuma yake mji mzima, vikongwe kwa watoto.

"Mbona hamkupiga hodi?" Jumbe alifoka, akijisitiri kwa kata ya kuogea.

"Ili tuchapwe, Jumbe?"

Povu halijakauka, mbiu ikalia tena: hodi imerudi, na askari nao wapige.

Askari wa kwanza alisimama mlangoni kwa Kidawa, akaita, "Hodi."

Kidawa alimaliza kula, akanawa, akajinyoosha, ndipo akajibu, "Nani?"