Mtungi wa Maji ya Michungwani

Hapo zamani palikuwa na Sultani aitwaye Hairalla, naye alipenda mno kuzindua. Wafalme wengine hupenda farasi, wengine hupenda vita. Yeye alipenda ngoma, siwa, utepe mwekundu na mkasi wa fedha. Kila Alhamisi alitoka kwa maandamano, akaenda mtaa huu au ule, akaweka jiwe la msingi, akatangaza, akapigiwa makofi, akarudi kula. Leo daraja, Alhamisi ijayo ghala la nafaka, ya tatu yake nyumba ya wagonjwa. Na jiwe lilikuwa moja tu. Wakubwa wakiisha kuondoka, hamali wa Sultani, maskini mmoja aitwaye Vuai, hulifukua, akajitwika, akalipeleka penye sherehe inayofuata. Lilikuwa limemegeka pembe moja, na watu walikwisha kulizoea hata wakiliona hulisalimia. Sultani peke yake ndiye hakuwahi kulitazama mara mbili.

Basi ikawa zamu ya mtaa wa Michungwani, alikokaa Vuai mwenyewe na mkewe, Bi Mize. Mtaa huo haukuwa na maji. Wanawake walishuka bondeni alfajiri na kurudi jua la utosi, shingo zimewaingia mabegani. Sultani akaweka jiwe, akanyoosha mkono, akasema, "Enyi watu wa Michungwani, kuanzia leo mna kisima!" Karani akaandika kitabuni: Michungwani, kisima, kimekwisha. Watu wakapiga makofi, Vuai akafukua jiwe, na wanawake wakashika njia ya bondeni.

Sasa palikuwa na waziri, jina lake Shawana, mtu wa kujipendekeza hata kwa kivuli cha Sultani. Yeye akatunga mbiu: "Atakayesema kuwa kazi ya Sultani haipo, mahali pake ni gerezani, awe nani awe nani." Sultani akaipiga muhuri bila kuisoma, kwa kuwa aliona jina lake limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Haukupita mwezi, karani akapita Michungwani kuuliza watu wanavyofurahi. Akamkuta Bi Mize ana ndoo kichwani.

"Bibi, maji ya kisima cha Sultani mnayaonaje?"

"Kisima kipi, baba? Pale palikuwa na jiwe tu, na hilo jiwe lenyewe mume wangu kalichukua."

Siku ile ile Bi Mize akatiwa gerezani.

Vuai akalia. Hakuwa na mali wala mjomba barazani kwa Sultani. Alikuwa na mke mmoja na ulimi wake. Akaenda, akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Mke wangu ni mwepesi wa kusema, lakini nyumba bila yeye hainikaliki. Nakuomba unirudishie."

Sultani akakasirika, maana karani alimsomea kitabu kile kila asubuhi, naye alikwisha kuamini kwamba kisima kipo. "Mkeo amenisingizia," akasema. "Ijumaa anakuja mgeni wangu, Sultani wa Kiwambe. Lete mtungi wa maji ya kisima cha Michungwani, tunywe mbele ya watu wote. Ukiyaleta, nitamsamehe. Usipoyaleta, utamfuata huko aliko."

"Na askari atakwenda nawe," akaongeza Waziri Shawana, ambaye alijua vema kisima hakipo. "Ashuhudie ukiyateka pale pale, usije ukatuletea maji ya bondeni."

Watu wa barazani wakacheka. Sultani naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini.

"Nimesikia na nimetii," akasema Vuai.

Ijumaa asubuhi wakaenda, yeye na askari. Palikuwa na vumbi na kuku wawili. Vuai akainama, akatia kata vumbini juu juu, akaiinua tupu, akaimimina mtungini. Kata baada ya kata, taratibu, kama mtu anayechelea kumwaga.

"Ewe Vuai," akasema askari, "mbona sioni kitu?"

"Sema kwa sauti, ndugu yangu, nimwite karani akuandike jina."

Askari akawafikiria wanawe. Akakohoa, akasema, "Basi, inatosha. Mtungi umejaa, utakumwagikia."

Huko kwa Sultani karamu ilikuwa imekwisha kuandaliwa uwanjani, pilau na nyama na achari ya pilipili ya kutoa machozi. Sultani, kwa kuringa, alikuwa ameamuru mitungi mingine yote iondolewe. "Leo hatunywi ila maji ya kisima changu," alimwambia mgeni wake. Mara Vuai akaingia kwa ngoma, mtungi kichwani, umefungwa utepe mwekundu. Sultani akafurahi, akaukata utepe. Askari akaapa kwamba maji yametekwa Michungwani mbele ya macho yake. Vuai akammiminia Sultani kikombe cha kwanza.

Sultani akachungulia kikombeni. "Vuai! Kikombe hiki..."

"Kimefanyaje, bwana wangu? Ndugu karani, shika kalamu, Sultani ana neno juu ya maji ya Michungwani."

Waziri Shawana akamwinamia bwana wake sikioni, akamkumbusha ile mbiu. Sultani akamtazama karani, akamtazama mgeni, kisha akainua kikombe, akanywa. "Baridi," akasema.

Mgeni naye akanywa, akajifuta ndevu. "Matamu. Kwetu nina visima kumi na tisa vya maji kama haya." Wakanywa makadhi, wakanywa majemadari, na Waziri akaomba kikombe cha pili.

Kisha wakala. Kisha Waziri akasimama juani kusoma habari za kazi zote za Sultani, ukurasa kwa ukurasa, na achari inawawaka midomoni. Ulimi wa Sultani ukagandamana na kaakaa. Akanong'ona, "Vuai, nina kiu." Vuai akammiminia tena, hata ukingoni.

"Kunywa, bwana wangu. Yapo tele."

Ikafika alasiri, na Waziri yuko kwenye daraja la sita. Sultani akaruka kitini. "Hakuna maji! Mtungi ni mtupu, kisima hakuna, nileteeni maji kabla sijafa!"

Karani, ambaye alizoea kuandika kila alisikialo, akaandika.

Vuai akapiga magoti. "Bwana wangu, maneno hayo ndiyo aliyosema mke wangu, wala yeye hakuyapigia kelele. Nayo mbiu ilisema awe nani awe nani. Sasa mlango wa gereza hauna budi kufunguliwa leo: ama umtoe Mize, ama tukutie pamoja naye. Nami, unisamehe, nina wivu."

Sultani wa Kiwambe akaangua kicheko, maana lilikuwa gereza la mwenziwe. Sultani Hairalla aliona haya, kisha naye akacheka. Akaletewa maji ya bondeni, akayanywa mpaka yakamlowesha kanzu. Mbiu ikachanwa pale pale, Bi Mize akatolewa.

"Vuai, omba utakalo."

"Naomba jiwe, bwana wangu. Lirudi Michungwani, lisiondoke mpaka lilowe."

Basi wakachimba siku arubaini, Waziri Shawana akiwa wa kwanza kushika jembe, viganja vimemtoka malengelenge. Maji yakatoka. Alhamisi iliyofuata Sultani akafika na ngoma, siwa, utepe na mkasi wake wa fedha, akakuta wanawake wanateka, na ndoo zimepangwa juu ya lile jiwe. Akakohoa. Hapana aliyepiga makofi.

"Pisha kidogo, bwana wangu," akasema Bi Mize, "ndoo inapita."

Sultani akapisha.

Nami niliyesimulia koo limenikauka. Nipeni maji, ila yasiwe ya kuzinduliwa.