Damu Iliyobandikwa Jina la Mwalimu

Waumini wenzangu, kaeni vizuri, na aliye karibu na mlango asogee mbele. Nina mfano wa kuwapa, na mfano wenyewe si mtamu. Msimtafute mwenyewe mitaani mkitoka hapa, kwani sikumtaja mtu. Nimeutunga ili kila mmoja wetu ajitafute ndani yake.

Palikuwa na mwanamke mmoja mjane, mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila alasiri mabinti wa mtaa walikusanyika ukumbini kwake, juzuu mikononi, na sauti zao zikafika hadi njia kuu. Alikuwa mkali wa herufi na mpole wa moyo. Mtoto akikosea alirudishwa nyuma hata apatie, na akipatia alipewa kashata. Wako wanawake waliomwita mwalimu walipokuwa watoto, na sasa watoto wao nao wanamwita mwalimu.

Mwanamke huyu alikuwa na binti mmoja tu, aliyekwisha kuolewa. Binti akashikwa na uvimbe tumboni, damu ikawa inamtoka kwa vipindi visivyo na utaratibu, mwili ukamwisha. Daktari akasema hana budi kupasuliwa, lakini hatamgusa kwa kisu mpaka jamaa zake wachangie damu ya kumwekea akiba. Mama hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivaa buibui lake akaenda hospitali, na mawifi wa binti yake wakafuatana naye.

Sasa, damu ya mchangiaji haichukuliwi hivi hivi. Kwanza hutolewa kidogo, ikatiwa katika kichupa, ikapimwa, isije ikawa na maradhi yatakayomdhuru mwenye kuipokea. Kazi hiyo siku ile ilikuwa mikononi mwa kijana mmoja, msaidizi wa maabara, aliyehitimu karibuni na kujulikana mtaani kwa koti lake jeupe lililonyoshwa kwa pasi hata likasimama.

Kijana akamfunga mwalimu mpira juu ya kiwiko, akapapasa, akachoma. Damu haikuja. Mishipa ya mama ilikuwa myembamba, imejificha ndani, kama ilivyo kwa watu wengi wa umri wake. Akachomoa, akachoma tena. Pakavimba chini ya ngozi, pakaiva rangi ya zambarau. Mawifi waliosimama mlangoni wakaanza kugusana viwiko, na mmoja wao, ambaye ulimi wake haukuwahi kufungwa kamba, akasema, "Kaka, hapo unatoa damu au unatafuta ulipoangusha ufunguo?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu akawanyamazisha kwa jicho, akamwambia kijana asifadhaike, mkono mwingine upo.

Ndugu zangu, kijana huyu alifundishwa kanuni nyepesi: ukikosa mara mbili, weka sindano chini, umwite mwenzako. Kufanya hivyo si aibu, ni kumhurumia aliyekukabidhi mkono wake. Na mwenzake alikuwapo. Mkubwa wake wa kazi alikuwa nyuma ya ukuta mmoja tu, anaosha vyombo vya kupimia. Lilihitajika neno moja: nimeshindwa. Lina uzito gani neno hilo? Ni jiwe? Ni gunia la chumvi? Kwa nini mtu mzima awe radhi kubeba dhambi, asiwe radhi kubeba kicheko cha wanawake mlangoni?

Hakulisema. Alimbandika mama pamba, akamwambia damu imetosha. Kisha akaingia nyuma ya pazia, akakunja mkono wa lile koti, akaukaza mpira kwa meno yake, akajichoma yeye mwenyewe. Damu yake ikajaa kichupa. Na juu ya kichupa akabandika jina la mwalimu.

Moyoni alijipa hoja, kwani hakuna aliye fasaha kama nafsi inapojitetea. Alijiambia kuwa mama yule ni mtu wa ibada, na yeye ni kijana mzima wa afya. Damu safi imekaa mahali pa damu safi, nani atakayepungukiwa?

Mkubwa wake akakipima kichupa. Akamwita kando, akamwonyesha majibu. Damu ile ilikuwa na kaswende.

Msiinamishe vichwa. Hilo ni jina la maradhi, na maradhi yana dawa. Ninalotaka mlifikiri ni dakika ile. Kijana aliujua mkono uliotoa damu. Alizijua na nyumba alizokuwa akiziingia kwa siri. Mlango wa kusema kweli ulikuwa bado wazi, na haukuwa hata na kizingiti, kwa kuwa mkubwa wake alimwuliza, "Una hakika na kichupa hiki?"

Naye akajibu, "Nina hakika, bwana. Ni cha mwalimu."

Mama akaitwa faraghani. Akaambiwa kwa heshima kwamba damu yake haitafaa, na kwamba ana ugonjwa unaotibika. Akaanza kuchomwa sindano za ugonjwa asiokuwa nao. Lakini mawifi walikuwa wameketi nje. Walimwona mtu aliyeingia kuchangia akitoka bila kuchangia, macho yamemwiva. Yule mwenye ulimi hakuondoka katika benchi la chumba cha sindano mpaka alipojua ni sindano ya nini.

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umejua. Siku zilizofuata ukumbi wa mwalimu ukaanza kupungua sauti. Mzazi mmoja alituma salamu kuwa mwanawe anaumwa meno. Mwingine akasema chuo cha mtaa wa pili kiko karibu zaidi, ilhali miaka yote kilikuwa mbali. Wako waliouliza, kwa sauti ya huruma ambayo ni mbaya kuliko tusi, iwapo yafaa binti zao wafundishwe staha na mwanamke wa namna ile. Mwalimu akawa anakaa alasiri peke yake, mikeka imetandikwa, kashata zinaingia sisimizi.

Na damu ya kumwokoa binti? Haikupatikana. Kila jamaa aliyeombwa alikuwa na safari, au presha, au kizunguzungu. Nao sababu yao tuijue: ikiwa mwalimu mwenyewe amepimwa akaaibika, nani tena atanyosha mkono? Binti akaendelea kuvuja.

Mwaniuliza habari za kijana. Kijana alikwenda mji mwingine, asikojulikana, akatibiwa, akapona. Akarudi kazini na koti lake limenyoshwa. Akiwa na njia ya kupita nyumbani kwa mwalimu, alivuka akapita ng'ambo, kama watu wengine. Naye ndiye mtu pekee katika mji ule aliyejua kwamba hakuna cha kukimbia ndani ya nyumba ile.

Asubuhi moja mwalimu akamjia maabara. Akaketi katika kiti kile kile, akakunja mkono wa buibui mwenyewe. Mkubwa wa kazi alikuwapo, anaandaa vifaa vyake.

"Mwanangu," mama akasema, "sindano nimezimaliza. Nipime tena, nikamtolee damu mtoto wangu."

Kijana akasema ndiyo, lakini mpira ulimshinda kuufunga. Mama akadhani ni haya za ujana. Akataka kumtuliza, akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Mimi sikumjua mwanamume ila mume wangu. Niliposikia nina maradhi haya, nilijua kaniletea yeye. Nikamchukia humo humo kaburini alimolala. Nikaacha kumwombea dua. Lakini jana nimekwenda, nikasimama pale kwake, nikamwambia, baba watoto, nimekusamehe."

Waumini wenzangu, pimeni urefu wa uongo huu. Ulianzia nyuma ya pazia, ukamvunjia mwalimu heshima, ukawatawanya wanafunzi, ukaizuia damu isimfikie mgonjwa. Wala haukutosheka na walio hai. Ukaingia makaburini, ukamkamata maiti, ukamfanya mzinifu, naye hana kinywa cha kujitetea.

Mkubwa wa kazi akamwondoa kijana pale kitini pa mgonjwa. Akaukanda mkono wa mama kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akauacha uning'inie kidogo, na mshipa ukajitokeza. Akachoma mara moja tu. Akapima, kisha akarudia kupima, kwa kuwa hakuyaamini macho yake. Kipimo walichokuwa nacho humwonyesha hata mtu aliyekwisha kutibiwa. Alama hubaki katika damu miaka na miaka baada ya kupona. Na damu hii haikuwa na alama yoyote.

Akamgeukia kijana. "Huyu mama hajapata kuugua hata siku moja. Damu ile ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Kijana akaufunika kwa kiganja mkono wake mwenyewe, pale alipojichoma siku ile. Hakuulizwa tena.

Mama akawaangalia wote wawili, akaelewa. Mngetaraji apige kelele, adai jina lake lirudishwe, awalaani mawifi na mtaa. Hakusema lolote juu ya nafsi yake.

"Basi nimemsamehe mtu asiyenikosea," akasema. "Na mimi nani ataniombea msamaha kwake?"

Alitoa damu siku ile ile. Binti yake alipasuliwa, na yu hai. Lakini uvimbe ulikuwa umeachwa mno, kizazi kikatolewa. Mama hatapakata mjukuu.

Naziona nyuso zenu. Mmekasirika, na mnayo haki ya kukasirika. Hapa mbele yupo aliyekwisha kumhukumu kijana: avuliwe koti, afukuzwe, asiguse mkono wa mgonjwa tena maishani. Nami sina shauri la kumtetea.

Lakini nawauliza. Kijana alibandika jina la mwalimu juu ya kichupa kimoja, na kichupa kile hakikutoka maabara. Ni nani basi aliyelibandika jina lile sokoni, kisimani, ndani ya nyumba za harusi? Ni nani aliyemshika binti yake mkono akamwondoa chuoni? Ni nani aliyesema mwanawe anaumwa meno? Kijana alisema uongo huku akijua kuwa ni uongo. Sisi hatukuiona damu, hatukukishika kichupa, hatukujua kusoma majibu, na tukatoa ushahidi kama watu waliokuwapo nyuma ya pazia. Niambieni, katika wawili hao, mwenye haya kidogo zaidi ni nani?

Msiniambie sisi tuliambiwa. Kuambiwa si kuona. Mungu ametupa macho mawili, tumeyafumba, tukaenda kuazima masikio ya jirani. Tunayo akili ya kuuliza bei ya samaki mara nne kabla ya kumnunua, na hatuna akili ya kuuliza mara moja kabla ya kumzika mtu aliye hai.

Tena tunajidanganya kwa toba. Tukitoka mtaani na damu ya mtu kinywani, tunaingia msikitini, tunatandaza viganja, tunalia machozi ya kweli, tunadhani yamekwisha. Hayajaisha. Haki ya Mola, Mola mwenyewe huisamehe. Haki ya mja iko kwa mja, na funguo zake anazo yeye. Utasujudu hata paji la uso lipasuke. Ikiwa hujamwendea uliyemvunjia heshima, deni lako limekaa pale pale ulipoliacha, linakungoja siku ambayo hutakuwa na ulimi wa kuombea radhi.

Kwa hiyo leo, nikimaliza, msinijie kunishika mkono na kunisifu. Sihitaji. Kila mmoja wetu hapa anayo nyumba ambayo aliacha kuiingia kwa neno alilolisikia kwa mtu aliyelisikia kwa mtu. Unaijua nyumba hiyo; tangu nianze kusema umeikumbuka. Walio makaburini hatuna tena mlango wa kuwabishia. Huyo mwenye nyumba angali anao. Kabla hujafika kwako kula chakula cha mchana, pitia kwake. Bisha hodi wewe mwenyewe, usitume mtoto.