Isale la Nyuma ya Jiko

Tela kubwa halijai taka tupu. Mzee wa kanisa aliwaambia hivyo mlipokuwa mkibishana juu ya kuondoa kifusi cha ukuta wa zamani, nanyi wanakwaya mkacheka, mkadhani anabania sadaka. Msicheke. Msemo huo una mwenyewe, na mwenyewe alilia. Ulianza namna hii.

Palikuwa na mama mmoja hapa chini ya mlima, jina lake Aikande, mjane, mtu wa ibada na wa maneno machache. Nyumba yake ilikuwa imechoka. Sakafu ilibanduka, na jiko la nje liliinama upande mmoja kama mlevi anayesikiliza mahubiri. Mwanawe wa pekee, Aminieli, alikuwa na kazi Dodoma. Mwaka huo akachukua likizo, akaja na mafundi, akasema, "Mama, umenisomesha ukilala chini ya bati linalovuja. Sasa ni zamu yangu."

Kijana alikuwa na moyo mzuri. Hilo mlishike, maana bila hilo mtamhukumu bure.

Jiko likabomolewa, sakafu ikang'olewa, kifusi kikatapakaa uani. Siku hizo mwenye trekta alikuwa Mzee Mangesho, naye alikodisha matela mawili, dogo na kubwa. Analiacha tela kwako, unapakia kwa nafasi yako, kisha anakuja kulivuta na kwenda kumwaga korongoni, pale mvua ilipokata barabara.

"Chukua dogo," Aikande alimwambia mwanawe, Mangesho akiwa amesimama pale uani. "Likijaa, Baba Mangesho atarudi."

"Mama, lile dogo ni la kuzolea samadi. Nimekuja kumaliza kazi, sikuja kuibakiza. Tuletee kubwa, mzee."

Mangesho akainua mabega. "Mimi navuta lolote. Anayepakia ni wewe."

Aikande hakushindana naye. Mtu anayejengewa nyumba anaona haya kukataa.

Sasa, nyuma ya lile jiko palikuwa na mawe machache yaliyopangwa, na katikati yake shina la isale, ule mmea wa majani marefu. Kwa mpita njia lilikuwa isale tu, kama yale yanayopandwa mipakani. Lakini chini ya mawe yale alilala mtoto wa kwanza wa Aikande, aliyezaliwa bila kulia. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuitiwa watu. Wanawake wazima wa jirani walimfunga kwa khanga, wakamlaza karibu na jiko ili apate joto la moto. Wanaume hawakuonyeshwa mahali, na mama alikatazwa kumtaja, asije akamfungia njia mdogo wake. Aikande akanyamaza. Aminieli akazaliwa, akakua, na wale wanawake wakafariki mmoja mmoja, akabaki Aikande na isale lake. Kila asubuhi alilimwagilia maji huku midomo yake ikitikisika. Mwanawe aliona hayo tangu utoto, akadhani mama anapenda mimea.

Tela likiwa uani, ikaja habari ya msiba huko juu mlimani, kwa kaka yake Aikande. Alijifunga khanga ya safari, akamwita mwanawe.

"Pale penye isale pasiguswe."

"Pana nini, mama?"

Mdomo ulifunguka, kisha ukajifunga kwa mazoea. "Pana sababu yake. Paache tu."

"Sawa, mama."

Kesho yake kifusi chote kiliingia, na tela lilikuwa limefika nusu. Mafundi wakaanza utani. "Bosi, hili bado lina njaa. Mzee akilikuta hivi atadhani ulikodi kitanda."

Aminieli akaona aibu. Akaanza kulilisha. Akatupa mlango mzima, na kinu kilichokuwa na ufa kidogo tu, na mabati ambayo yangeezeka banda la kuku. Bado lilikuwa wazi. Akatazama kule kwenye mawe. Neno la mama yake alilikumbuka, tena vizuri, lakini nafasi ikibaki inamchokoza mtu. Akajisemea, "Ni mazoea ya uzee. Akikuta ua umesawazishwa atashukuru." Wakatoa mawe, wakang'oa isale, wakachota na udongo wa chini yake mpaka tela likawa na kichuguu. Hawakuona kitu. Miaka ilikuwa mingi, na aliyelazwa pale alikuwa mdogo mno. Mangesho akaja, akavuta.

Aikande alirudi asubuhi iliyofuata. Aliupita mlango mpya bila kuutazama, akazunguka nyuma, akasimama.

"Mawe yako wapi?"

"Tumesafisha, mama. Tela lilikuwa na nafasi."

Aikande akakaa chini, juu ya udongo mtupu.

"Mama, ni mawe tu. Isale nitakuletea jingine."

"Aminieli, wewe hukuwa mtoto wangu wa kwanza."

Kijana aliitazama mikono yake, kisha akaitazama ardhi.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliambiwa nisiseme. Nikanyamaza ili wewe uzaliwe salama, kisha nikasahau kuacha kunyamaza." Akapangusa macho. "Nipeleke alikomwagwa."

Mangesho aliwaongoza mpaka korongoni. Lakini kifusi cha nyumba yao kilikuwa kimekwisha kutandazwa pamoja na vifusi vya watu wengine, na watu walikuwa wakivuka juu yake kwenda sokoni. Aminieli akapiga magoti akafukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Akapata kipande cha kinu. Akapata bati. Udongo ulikuwa udongo, wa huyu na wa yule. Mwishowe akakuta shina la isale, limevunjika, lina majani mawili.

Akafunga jani moja fundo, kama mila inavyotaka kwa anayeomba radhi, akampa mama yake kwa mikono miwili. Nanyi mnajua, isale halikataliwi.

Aikande akalipokea. "Nimekusamehe, mwanangu, mbele za Mungu. Ila mwenzako hatujampata."

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Alikuwa na jina?"

"Nilimwita moyoni. Kwa mdomo sikuwahi."

Hakulirudisha isale nyumbani. Alilipanda pale pale ukingoni, akasali akilielekea korongo lote kwa kuwa hakujua upande. Tangu hapo alikuwa akiteremka na kopo la maji, na kila alipotaka kuvuka alivua viatu. Waliojua walivua pia.

Nyumba ilikwisha, ikawa nzuri. Majirani walipokuja kuitazama, mmoja akauliza kwa nini mwenye nyumba hana furaha, na ua umekuwa safi namna ile. Aminieli akainamisha kichwa. Aikande ndiye aliyejibu, taratibu, bila ukali, na jibu lake ndilo lililotufikia sisi.

"Tela kubwa halijai taka tupu."